Kibaba cha Kupimia Kuridhika

Adabu yetu yataka heri itangulie. "Hujambo?" hujibiwa "Sijambo", hata na mtu aliye kitandani kwa maradhi, shida hufuata baadaye, nayo huletwa na neno dogo "ila". Nimeishi Temeke miaka mingi, na neno hilo nimelisikia kila asubuhi: "Njema, ila mtoto ana homa."

Hilo hunijia akilini kila nionapo hojaji ya kupima jinsi watu wanavyoridhika na maisha. Mojawapo iliyo mashuhuri sana ilitungwa Marekani na Ed Diener na wenzake, ikachapishwa mwaka 1985. Ina kauli tano tu, na mhojiwa huchagua namba kati ya 1 na 7, tangu kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Kauli ya mwisho husema kwamba, lau angeishi tena, asingebadili takriban lolote. Kuitafsiri kauli hiyo kwa Kiswahili si kazi ngumu. Lakini mzee wa Tandika aweza kuikubali kwa kuwa hataki kumkosoa Mola aliyemgawia riziki, na kijana wa Sinza akaikubali kwa kuwa biashara yake yastawi. Namba ni moja. Maana ni mbili.

Ndiyo sababu tafsiri peke yake haitoshi. Mtu mmoja akisha kutafsiri, mwingine asiyeiona nakala ya asili huirejesha tafsiri katika lugha ya kwanza, ili zilinganishwe. Kisha hojaji hujaribiwa kwa wanawake na wanaume, vijana na wazee, waliosoma na wasiosoma, wakazi wa Kinondoni na wa Temeke, ijulikane kama kauli zake zashikamana kwa namna ileile katika kila kundi. Wazee wetu walilifahamu jambo hili sokoni. Pishi ni vibaba vinne. Lakini kibaba cha duka hili kikiwa si sawa na cha duka lile, nani atajua aliyepunjwa?

Onyo tunalo. Katika Uchunguzi wa Maadili Duniani uliofanywa nchini mwaka 2001, Watanzania walikuwa miongoni mwa waliosema kwa wingi kwamba wana furaha sana. Hata hivyo, wastani wao wa kuridhika na maisha ulikuwa miongoni mwa ya chini kabisa duniani. Hapana lazima kwamba walisema uongo. Furaha si kuridhika, kuridhika si kutosheka, na kukinai ni jambo jingine tena.

Haya si mabishano ya maneno matupu. Wanawake wa mtaa mmoja wakihesabiwa kuwa wameridhika, kumbe wamejibu kwa adabu tu, huenda kisima na zahanati vikapelekwa kwingine. Hivyo, walimu na wanafunzi wanaotaka kuwahoji jirani zao hawana budi kuanza kwa kuwasikiliza, wajue kila neno lina uzito gani kinywani mwa kila mmoja. Hesabu na ije baadaye.