«Mtoto Huyu, Hesabu si Zake»

Kuna neno moja tulilomwambia mama mmoja wa mtaa wetu, na hata leo latuumiza. Tulisema: «Mama, mtoto huyu, hesabu si zake.»

Sisi ni katekista, lakini jioni twasaidia vijana masomo yao katika chumba cha parokia. Mama yule alikuja na mwanawe wa mwaka wa nane. Kwetu Kongo, tangu sheria ya mwaka 2014, elimu ya msingi ni miaka 8: miaka 6 ya primeri na 2 ya kwanza ya sekondari. Kisha mwanafunzi hufuata njia moja kwa miaka 4; wakati ule zilikuwamo Hesabu na Fizikia, Kemia na Biolojia, Ualimu, Kilatini na Filosofia, Biashara, na njia za ufundi. Mwishoni anangojewa na Mtihani wa Taifa, ulioanzishwa mwaka 1967.

Mama alitaka mwanawe aingie Hesabu na Fizikia. Tulitazama alama zake: 32 juu ya 100. Ndipo tukasema neno lile. Mama akainama, akajibu tu: «Asante, Mwalimu.» Kijana hakusema kitu.

Usiku ule tulikumbuka mambo yetu wenyewe. Katika seminari ndogo, mwalimu mmoja alitugawa makundi mawili: wenye kichwa cha hesabu, na wengine wote. Sisi tulikuwa katika wengine wote. Tukaenda kwa Kilatini, na kwa kweli tulifurahi kuepuka kazi. Tangu siku ile hatukujaribu tena. Na sasa tumempa mtoto wa mtu hukumu ileile tuliyopewa sisi.

Kesho yake tukamwita kijana. Tukamwuliza: nusu na theluthi, jumla yake ni ngapi? Akaandika 2/5. Alijumlisha namba za juu pamoja, na za chini pamoja. Tukachora mkate, tukamwonyesha kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu. «Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, nawe umebaki na kidogo zaidi?» Akacheka. Tukamwuliza alijifunza sehemu mwaka gani. Akasema: «Mwaka wa tano tulikuwa tumekimbia vita, Mwalimu. Tuliporudi, wenzangu walikuwa wamekwisha maliza.»

Basi, hakukosa akili. Alikosa mwaka mmoja.

Tangu hapo tulianza kuchungua wanafunzi wa njia mbalimbali wanajifunza nini. Tulidhani kila njia ina hesabu yake mbali, kama vile nyumba zisizo na mlango kati yao. Sivyo. Tazameni jambo hili moja.

Kilo 3 za maharage zauzwa faranka 6,000. Kilo 5 ni faranka ngapi? Mtoto atafuta kwanza bei ya kilo moja, 2,000, kisha apata 10,000. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu, na kila mtu aihitaji sokoni.

Anayekwenda Biashara achukua wazo hilohilo na kuliweka katika faida ya mkopo. Mtu akikopa faranka 200,000 kwa 5 juu ya 100 kila mwezi, baada ya miezi 4 atalipa faranka 40,000 juu ya deni lake. Asiyejua hesabu hii atatia sahihi asichokielewa.

Anayejifunza Ualimu apaswa kujua sababu. Kwa nini 3 kugawanya kwa nusu ni 6? Kwa sababu katika mikate 3 mna nusu 6. Akijua kanuni tu bila sababu, atawafundisha wengine kukariri.

Katika Kilatini na Filosofia saa za hesabu zilikuwa chache kuliko katika Hesabu na Fizikia. Lakini huko Hesabu na Fizikia nako mwanzo ulikuwa maharage yaleyale. Wanafunzi huchora bei kwa mstari juu ya karatasi: kilo zikiongezeka, mstari wapanda, na bei ya kilo moja ndiyo mwinuko wake. Baadaye mstari wapinda, kama njia ya jiwe lililorushwa juu. Sasa wauliza: mwinuko ni kiasi gani mahali hapa pamoja tu? Hiyo ndiyo hesabu ngumu ya miaka ya mwisho, ambayo walimu huiita derive. Ni kanuni ya tatu iliyokomaa. Lakini asiyejua sehemu hawezi kufika huko, hata awe na akili namna gani.

Tulikaa na kijana yule jioni nyingi, tukianza na mkate. Siku nyingine alichoka; siku nyingine tulichoka sisi, maana ilitupasa kujifunza upya tuliyoyakimbia zamani. Mwisho wa mwaka alipata 57. Hakuchagua Hesabu na Fizikia. Alichagua ufundi wa kujenga, kwa sababu apenda kazi ya mjomba wake, naye apima pembe za kuta bila woga. Mama yake hakufurahi siku ya kwanza. Lakini kijana alichagua mwenyewe, wala hakufukuzwa na neno letu.

Ni kweli, ndugu, watoto hawalingani, na si wote watakaopenda hesabu ngumu. Lakini alama 32 yatuambia mtoto amefika wapi leo; haituambii amekwama kwa nini. Basi, ninyi wazazi na walimu, kabla ya kumchagulia mtoto njia, kaeni naye na karatasi moja. Mpeni nusu na theluthi, mwone ajibu nini. Akikosa, mwulizeni mwaka ule alikuwa wapi.

Nasi tulikwenda nyumbani kwa mama yule, tukamwomba radhi.