Ile "s" ya Baba

Kidato cha Kwanza, Sumbawanga, mvua ya Machi ikipiga bati. Mwalimu aliandika ubaoni: farm. Akaninyooshea kidole nitunge sentensi.

"My father farm," nikasema.

Darasa likacheka. Nilichapwa fimbo mbili kwa herufi moja.

Jumamosi nilimsimulia baba, aliyeishia darasa la saba. Tulikuwa tukitengeneza intumba, yale matuta ya mviringo ya Kifipa ambayo nyasi hufukiwa ndani zioze ziwe mbolea. Nikamweleza: I farm, you farm, we farm, they farm, he na she ndio wanaodai s. Lakini kazi ikishakuwa ya jana, wote wanapewa ed, hakuna anayebaguliwa.

Baba aliegemea jembe, akafikiri.

"Sisi tunasema alilima. A ni nani, li ni lini, ndipo tunaitaja kazi. Wenzetu wanaitaja kazi kwanza, wakati unafuata nyuma kama mkia. Sasa mwanangu, hapo kuna cha kumchapia mtu?"

Miaka minane baadaye nilikuwa naandika barua ya kuomba kazi, kwa Kiingereza. Niliandika: My father farms in Ufipa. Nikairudia kuisoma. S ilikuwapo. Mwalimu asingepata kosa.

Ila baba tulikuwa tumemzika Oktoba.

Nikaifuta s. Kuandika ed, herufi mbili tu, kulinichukua jioni nzima.