Dawa ya Mbuzi katika Damu ya Kijana



Hapa kwetu Lushoto, wafugaji wengi wa mbuzi na ng'ombe wa maziwa wameitumia levamisoli, hata kama jina lake hawalijui. Ni dawa ya minyoo ambayo bwana mifugo huipima kwa kadiri ya uzito wa mnyama kabla ya kumnywesha. Sina neno nayo: imeokoa mifugo mingi, na hapo zamani hata binadamu walitibiwa minyoo kwayo.

Juma hili napenda tutafakari njia nyingine inayopitishwa dawa hiyo. Wauzaji wa kokeini huichanganya na unga wao. Ni nyeupe kama kokeini yenyewe, hivyo huongeza uzito bila mnunuzi kutambua. Kufikia Julai 2009, levamisoli ilikutwa katika asilimia 69 ya shehena za kokeini zilizokamatwa zikiingia Marekani. Katika miaka ya 2008 na 2009, madaktari wa nchi hiyo na wa Kanada walipokea watumiaji ambao damu yao ilikuwa karibu imeishiwa chembechembe nyeupe.

Chembechembe hizo ni askari wa mwili. Zikitoweka, vidonda vya kinywa na koo hufuatwa na homa kali, na maambukizo madogo huweza kuua. Kwa wengine, masikio na mashavu hutokwa na mabaka ya zambarau, kisha ngozi hufa na kuwa nyeusi, kwa sababu mishipa midogo ya damu imedhurika na kuziba.

Vijana wetu hushuka Mombo kwenda kutafuta riziki Tanga na Dar es Salaam, na huko unga upo. Mbuzi hupimiwa dawa yake. Kijana hapimiwi, wala haambiwi kilichomo.

Mama mmoja aliniuliza kama ni vema kumficha daktari kwamba mwanawe hutumia unga, ili kulinda heshima ya nyumba. Nilimjibu kwamba heshima hiyo yaweza kugharimu uhai. Daktari asiyeambiwa huenda akaitibu homa ile kama malaria. Aliyeambiwa atapima chembechembe nyeupe na kutoa dawa za kupambana na maambukizo. Kijana akiacha unga, kwa kawaida chembechembe hizo hurejea ndani ya majuma mawili hivi. Akiurudia, ugonjwa nao waweza kurudi.

Kwa hiyo, wazazi wapendwa, mtumiaji wa unga akipata homa na vidonda mdomoni, afikishwe hospitali siku hiyohiyo, na ukweli wote usemwe. Tusimhukumu mlangoni kabla hajatibiwa. Maneno ya kumwonya yatapata nafasi yake akishapona.

Nawatakia Dominika njema.