Gari la Yatima Lilivyotufunza Maana ya Amana

Katika ofisi ya kamati ya msikiti wetu hapa Ujiji lipo daftari kubwa lenye jalada jeusi. Humo tumeandika mali yote ya wakfu: majamvi, spika, jeneza, masufuria ya shughuli, mabirika ya udhu, hata kata ya kuchotea maji. Kila unapokaribia mwezi wa Muharram hulifungua daftari hilo na kukagua kitu kimoja kimoja. Kwa sababu hiyo tulijihesabu kuwa watu waaminifu, mpaka siku mtoto wa miaka kumi na mmoja alipotuuliza swali ambalo halikuwa na jibu katika daftari lile.

Mtoto huyo ni wa marehemu kaka yetu, Allah amrehemu. Kaka yetu alifanya kazi Muscat kwa miaka mingi, na aliporejea nyumbani alikuja na sanduku ambalo hakuruhusu mtu kulifungua. Ndani yake mlikuwa na gari dogo jeupe la kuongozwa kwa rimoti, aina ya Grasshopper, lililotengenezwa na kampuni ya Tamiya ya Japani. Gari hilo lilitolewa mara ya kwanza mwaka 1984. Kaka alilinunua likiwa limetumika, akalitunza, na siku za Idi alikuwa akilitoa na kuliendesha uani huku mwanawe akimkimbilia nyuma. Alimwahidi kuwa akihifadhi Juzuu Amma litakuwa lake.

Kaka alipofariki, sisi ndio aliotuusia kuwasimamia watoto wake. Mirathi tuligawa kwa mujibu wa sheria: nyumba, shamba, nyavu na fedha. Lakini lile sanduku hatukuliandika popote. Gari tulilipandisha darini, na rimoti tukawapa watoto wa jirani waichezee, kwa kuwa machoni petu ilikuwa kisanduku cha plastiki chenye antena. Hatukumuuliza mama yake, wala hatukumuuliza mtoto.

Baada ya miezi kadhaa kijana alikuja baada ya swala ya Alasiri, akatusomea kuanzia Suratun-Nabaa hadi Suratun-Nas bila ya kukwama. Kisha akasema: "Baba mdogo, sasa naomba gari la baba."

Tulilishusha gari darini. Betri yake ilikuwa imevimba, na gia moja ya nyuma ilikuwa imelika meno. Rimoti tuliipata kwa jirani ikiwa na hali mbaya zaidi. Betri ndogo tulizoziacha ndani zilikuwa zimevuja na kuzila chuma zake, na kutoka ubavuni palikuwa pamechomolewa kitu fulani ambacho hatukukijua hata jina lake.

Tulifanya yale wafanyayo wengi. Tulikwenda sokoni Mwanga, tukanunua gari jipya la bei nafuu lenye taa na king'ora, tukampelekea. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka juu ya kabati. Hakulishusha tena. Usiku ule hatukupata usingizi, kwani ni sisi wenyewe tuliodarsisha msikitini Suratun-Nisaa na onyo lake kali juu ya mali ya yatima. Tulijua pia kauli ya wanazuoni wa fiq'hi kwamba mshika amana halipi kilichoharibika, ila akivuka mpaka au akizembea. Na sisi tulikuwa tumezembea.

Wapo waliotuambia kuwa huo ni mchezo wa mtoto tu. Tukawakumbusha habari aliyoisimulia Anas bin Malik (r.a.), ya mdogo wake Abu Umair aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kilipokufa na mtoto akahuzunika, Mtume (s.a.w.) alimwita kwa jina lake la heshima na kumuulizia habari za kindege chake. Aliyebeba risala ya walimwengu hakuiona huzuni ile kuwa ndogo. Sisi ni nani hata tuione ndogo?

Tukampelekea gari lile mzee mmoja wa Mwanga ambaye maisha yake yote amekuwa akitengeneza redio. Aliifungua rimoti, akatazama tundu lililokuwa wazi, akasema: "Ustadh, hapa pamekosekana kristali." Akatueleza kuwa magari ya zamani ya namna hii huongozwa kwa mawimbi ya megahezi 27. Kristali moja hukaa katika rimoti na nyingine katika kipokezi kilichomo garini, nazo lazima ziwe jozi. Kila jozi ilikuwa na rangi yake, ili magari mawili yanayochezewa pahala pamoja yasivurugane. Magari ya leo hutumia gigahezi 2.4 na hujitafutia njia yenyewe, kwa hiyo viwanda vimeacha kutengeneza rimoti za kristali kwa ajili ya magari haya.

Mzee akakichomoa kipokezi cha garini. Kristali ya huko ilikuwapo, ina alama ya manjano na namba 26.690. Akachukua kalamu, akaongeza 0.455, ambayo ndiyo tofauti iliyopangwa baina ya vipande viwili vya jozi hiyo. Jumla yake ikawa 27.145. "Tafuta namba hii," akasema. "Rimoti nyingi za magari ya bei nafuu zinayo."

Furaha yetu haikuwa ndogo, kwani lile gari jipya lilikuwa bado juu ya kabati. Tulikwishanyanyuka kulifuata tulipokumbuka jambo moja. Zawadi ile tulikwisha kumkabidhi, kwa hiyo nayo ilikuwa mali ya yatima. Tungewezaje kulipa deni la yatima kwa kuichukua mali yake nyingine? Tukakaa tena. Mzee alicheka sana, kisha akavuta kutoka chini ya meza kopo la maziwa lililojaa vipuri vya michezo mibovu. Tukaanza kusoma namba moja moja, yeye kwa miwani yake, sisi kwa macho yetu. Nyingi zilikuwa 49.860. Ilipokaribia Magharibi, kikapatikana kijichuma chembamba kilichoandikwa 27.145.

Ikabaki gia. Mafundi wawili walijaribu kuichonga, ikavunjika. Tukamwandikia rafiki wa marehemu aliyeko Muscat, naye akagundua jambo la heri. Mwaka 2004 kampuni ile ililitoa upya gari jingine la zamani liitwalo Hornet, na mwaka 2005 ikalitoa upya hili la Grasshopper. Magari hayo mawili hutumia sanduku moja la gia, hivyo vipuri ambavyo watu walikwisha kuvikatia tamaa vikarejea madukani. Pakiti ya gia ilikuja na msafiri hadi Dar es Salaam, kisha ikapanda basi hadi Kigoma. Betri mzee aliiunda mwenyewe kwa betri sita za kuchaji, kila moja volti 1.2, akapata volti 7.2 zinazotakiwa. Gharama zote tulilipa kwa fedha yetu. Hatukugusa hata shilingi ya watoto.

Siku tuliyokwenda kuchukua kazi, mzee alitusimulia habari ya Liemba, meli ambayo watu wa Kigoma huiona bandarini lakini si wengi wanaoijua tarehe yake. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na reli, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuelea mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani, walipozidiwa na vita, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake mafuta mazito. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini. "Waliizamisha kama watu wanaotaraji kurudi," akasema mzee. "Wewe ulihifadhi gari mahali pakavu, na hata betri za rimoti hukuzitoa."

Hatukuwa na la kujibu. Tofauti ya wale mafundi na sisi haikuwa elimu. Wao walikijua walichokishika kuwa kina thamani, na sisi hatukujishughulisha kuuliza.

Jumapili baada ya Alasiri tuliteremka na kijana hadi mchangani Kibirizi, pembeni ya wanawake waliokuwa wakianua dagaa. Tulimkabidhi rimoti mbele ya mama yake na mzee fundi. Gari lilitikisika, likachimba mchanga, kisha likakimbia kuelekea majini. Kijana aliligeuza kwa wakati, akalirudisha. Kwa kitambo alinyamaza, halafu akasema: "Linavuta upande wa kulia. Baba alisema huwa linavuta kulia." Akasogeza kidude kidogo kilicho kando ya usukani wa rimoti, kama alivyomwona baba yake akifanya, na gari likanyooka. Mama yake aligeukia ziwani na kuufunika uso kwa upande wa mtandio.

Ndugu zetu wasimamizi wa mayatima, siku za msiba huwa za haraka, na haraka hiyo ndiyo hupoteza vitu vidogo: saa iliyosimama, koti, redio, kalamu, gari la kuchezea. Yaandikeni yote kabla chumba hakijafagiliwa. Muulizeni mjane, muulizeni na mtoto, kwani huenda yeye ndiye pekee anayejua kilichoahidiwa. Kila chenye betri itoeni. Na siku ya kukabidhi wekeni mashahidi, kama tulivyoamrishwa.

Sisi tumenunua daftari la pili. Ukurasa wake wa kwanza umeandikwa: gari moja jeupe, rimoti moja, kristali mbili za manjano, gia za akiba pakiti moja, gari jipya lenye king'ora moja. Chini yake zipo sahihi za mashahidi wawili, na jina la mwenye mali, aliloliandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu.

Allah atusamehe tulipozembea, na awarehemu waliotutangulia. Amin.