Majina ya Wapiga Kelele

Monita huandika majina ya wapiga kelele kwenye karatasi, humkabidhi mwalimu, na majina husomwa. Sisi wenyewe tulikulia chini ya karatasi hiyo, kwa hiyo nilipoanza kufundisha niliipokea kama ilivyo, habari ya nani ana adabu na nani hana. Kilichonitia shaka polepole ni kijana mmoja wa kidato cha kwanza ambaye jina lake halikukosekana. Katika kipindi cha Kiswahili alikuwa mtulivu, tena mchangiaji mzuri. Kwenye Jiografia na Historia alirusha vikaratasi, akagonga dawati, akawachekesha wenzake. Wengi tulisema anachagua walimu wa kuwaheshimu.

Siku hizi nadhani kelele zake zilianza pale alipoacha kuelewa. Alikuwa amesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari akakuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Kutazama ubao usiouelewa, kipindi baada ya kipindi, kunachosha kuliko tunavyokumbuka sisi tuliokwisha kuvuka. Na mtoto wa umri ule afadhali aitwe mtundu kuliko kuonekana mjinga.

Sitaki kulifanya hili jibu la kila kitu. Wapo wanaovuruga darasa huku wakielewa vizuri kabisa. Wapo wanaokuja na njaa, au na ugomvi wa nyumbani. Wapo pia wale waliokuja kusoma, wanaoumia tunapomvumilia mmoja mno, na sijajua bado mpaka uwekwe wapi. Tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ifutwe katika shule za serikali, mwaka 2016, wameingia watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Nafurahi kwa hilo. Lakini mbele ya darasa lililofurika, dakika 40 haziruhusu kumfikia kila mmoja, na fimbo huonekana njia ya mkato.

Kenya walifuta adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe daftarini: jina, kosa, idadi ya viboko, aliyeadhibu. Sina hakika kwamba kuondoa fimbo peke yake kungemsaidia yule kijana. Nina hakika fimbo haikumwongezea hata neno moja la Kiingereza. Daftari lile halikuuliza alikuwa anafundishwa nini alipoanza kuvuruga.

Ndiyo maana nikamwomba monita aandike pembeni mwa kila jina somo na mada. Mara nyingine hainisaidii. Mara nyingine majina yanarundikana katika kipindi kimoja, wakati mwingine changu, na hapo swali linatugeukia walimu. Kijana nilimsogeza mbele, na kabla ya mada mpya nikawa nafafanua maneno magumu kwa Kiswahili. Bado anaongea sana. Ila sasa, mara nyingi, anachosema ni swali la somo, na yapo mengine ambayo nalazimika kwenda kuyasoma kabla ya kumjibu.

Walimu wenzangu, karatasi ya majina ikifika mezani kwenu, muulizeni kwanza monita lilikuwa somo gani.