Siku Moja Roma, na Bahasha Mfukoni



Wapendwa Taifa la Mungu, Injili ya Martha na Maria, ambayo Mama Kanisa hutusomea katika Dominika ya 16 ya Mwaka C, tumeihubiri mara nyingi tangu tulipopewa Daraja Takatifu. Kila mara tulimsikitikia Martha kwa mbali, kama mtu anayemtazama jirani aliyeunguza ugali. Mwaka 2025, mwishoni mwa mwezi wa Juni, tulijikuta sisi wenyewe ndio Martha. Nasi hatukuwa jikoni: tulikuwa katika mji wa Roma, tena katikati ya Mwaka Mtakatifu wa Jubilei. Juma hili tunaomba mtuvumilie tuwasimulie siku hiyo, kwa sababu baadhi yenu mnahusika nayo kuliko mnavyojua.

Mnakumbuka kwamba kabla ya safari tulitangaza hapa parokiani kuwa mwenye nia yoyote ailete, nasi tungeiombea kwenye kaburi la Mtume Petro. Jumuiya Ndogo Ndogo zilikusanya vikaratasi. Katekista alivitia katika bahasha moja ya kaki, akaigundisha, akatukabidhi baada ya Misa ya pili. Ndani yake mlikuwa na nia 23. Tuliipokea kwa mikono miwili, tukaahidi mbele ya watu.

Shughuli iliyotupeleka Roma ilikuwa ya siku chache, na siku iliyobaki wazi ilikuwa moja tu, Jumamosi. Mapadre wenzetu waliondoka alfajiri kwenda Assisi. Sisi, ambao hatukuwahi kufika Roma na hatukujua kama tungerudi tena, tukaona heri kubaki peke yetu na kuuona mji. Usiku wa kuamkia siku hiyo tuliketi na daftari tukaandika orodha ya mahali pa kufika. Orodha ilipokamilika ilikuwa na majina 10. Tuliitazama kwa furaha, kama mkulima anavyotazama shamba alilopanda. Kisha tukaiweka bahasha ya kaki katika mfuko wa ndani wa koti jepesi, tukalala.

Saa 12 na nusu asubuhi tulikuwa tayari katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Asiyewahi kuuona ajaribu kufikiri mikono miwili mikubwa ya mawe inayomkumbatia mgeni: nguzo 284 zilizopangwa safu nne na Bernini katika karne ya 17, na juu yake sanamu 140 za watakatifu. Milango ilipofunguliwa saa 1, tuliingia kwa kupitia Mlango Mtakatifu, tukafanya Ishara ya Msalaba, tukapinda kulia kuitazama Pietà, sanamu ya Mama Maria akiwa amempakata Mwanae aliyekufa. Michelangelo aliikamilisha mwaka 1499, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Sasa imewekwa nyuma ya kioo, kwa sababu mwaka 1972 mtu mmoja aliipiga kwa nyundo.

Kutoka hapo tulifika mbele ya altare kuu, chini ya ule mwavuli wa shaba wenye urefu wa karibu mita 29. Chini yake, taa zinawaka mbele ya mahali ambapo Kanisa limemheshimu Petro kwa karne nyingi. Hapo ndipo tulipoahidi. Tulisimama, tukatoa simu, tukapiga picha nne. Tukatazama saa, tukakumbuka kwamba foleni ya kupanda kwenye kuba inaanza kuwa ndefu, tukaondoka.

Kwenye kuba kuna ngazi 551. Zile za mwisho zinapita katikati ya kuta mbili zilizopinda, hata mtu hulazimika kutembea ameinamisha bega. Juu tulipigwa na upepo, tukauona mji wote na mto Tiber ukijipinda kama nyoka aliyeshiba. Tuliposhuka, magoti yalikuwa yanatetemeka, na viatu vipya tulivyonunua kwa ajili ya safari vilikuwa vimeanza kutuuma visigino. Orodha ilikuwa imebakiwa na majina 9.

Tulivuka mto kwa daraja la Sant'Angelo, ambalo lina malaika wa mawe kila upande, tukafika uwanja wa Navona. Katikati yake pana chemchemi aliyoijenga Bernini mwaka 1651, yenye sanamu nne za mito: Danube, Ganges, Río de la Plata na Nile. Sanamu ya Nile imefunikwa kichwa kwa kitambaa, kwa kuwa Ulaya ya wakati ule haikujua mto huo unaanzia wapi. Sisi watu wa ziwani tulicheka peke yetu, mpaka mtalii mmoja akageuka kututazama. Babu zetu waliokuwa wakivua sato na kuanika dagaa kwenye maji hayo hawakuona kitambaa chochote. Ila kicheko kile kingalitufundisha kitu kama tungekaa hapo kidogo: kwamba mtu anaweza kusifia mto na kuuchonga katika jiwe, na chanzo chake kikabaki kimefunikwa. Hatukukaa.

Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa la San Luigi dei Francesi, ambamo Caravaggio alichora habari za Mtakatifu Mathayo. Katika mchoro mmoja Bwana ananyosha mkono kwa utulivu kumwita mtoza ushuru aliyeketi mezani pa fedha. Kikanisa hicho kina giza, na taa yake huwashwa kwa kutumbukiza sarafu. Mama mmoja alitumbukiza yake, mwanga ukajaa ukutani. Sisi tukaanza kurekebisha simu ili picha iwe nzuri. Kabla hatujamaliza, taa ikazimika. Yule mama, aliyekuwa amesimama mikono mitupu, alikuwa ameuona mchoro. Sisi tuliona simu yetu.

Pantheon, hekalu la kipagani lililofanywa kanisa mwaka 609, tulikaa humo dakika zisizozidi kumi. Kuba lake lina upana wa zaidi ya mita 43, na katikati pana tundu lililo wazi, jua na mvua huingia bila kubisha hodi. Chemchemi ya Trevi tuliiona kwa juu ya vichwa vya watu. Sarafu zinazotupwa humo hukusanywa na kupewa Caritas ya Roma kwa ajili ya maskini, na jambo hilo lilitufurahisha kuliko sanamu zake. Mchana jua lilikuwa kali kama la Dodoma mwezi wa Oktoba. Tuliokolewa na mabomba ya chuma yaliyosimama kando ya barabara za Roma, yanayotiririsha maji safi na baridi mchana kutwa bila malipo. Tulikunywa, tukalowesha leso, tukajifunika kichwani, tukaendelea. Colosseum, iliyozinduliwa mwaka 80 baada ya Kristo, tuliizunguka kwa nje tukichechemea.

Jambo moja la kule huwadanganya watu wa kwetu. Hapa nyumbani jua huzama karibu saa 1 jioni, na kwa kuzama kwake humwamuru mtu aweke jembe chini. Roma mwezi wa Juni, jua halizami mpaka karibu saa 3 usiku. Hakuna anayekuambia imetosha. Mwili unasema umechoka, anga linasema bado, na mtu mwenye orodha mkononi husikiliza anga.

Kwa hiyo tulipanda mpaka Laterano, Kanisa Kuu la Jimbo la Roma, lile ambalo kutabarukiwa kwake tunakuadhimisha kila tarehe 9 Novemba. Kuvuka barabara tu, kuna Ngazi Takatifu. Mapokeo yanasema Mtakatifu Helena alizileta kutoka Yerusalemu, na kwamba ndizo alizopanda Bwana wetu kwenda kuhukumiwa na Pilato. Ni ngazi 28, na watu huzipanda kwa magoti. Tulimwona mzee mmoja mwenye mwili mzito akipanda. Kila ngazi alitulia, midomo ikimchezacheza, kisha akanyanyua goti jingine. Tulihesabu kwamba akienda kwa mwendo ule atatumia zaidi ya nusu saa. Sisi hatukuwa na nusu saa. Tulipiga picha kutoka chini, tukafuta jina katika daftari.

Katika basilika ya Santa Maria Maggiore foleni ya kwenda kwenye kaburi la Papa Fransisko, aliyezikwa hapo tarehe 26 Aprili 2025, ilikuwa ndefu. Kaburi lenyewe ni la kawaida kabisa: jiwe, msalaba, na neno moja, Franciscus. Watu walisogezwa haraka ili wengine nao wapate nafasi. Tulipita mbele yake kwa muda wa kusema Baba Yetu nusu.

Tulitoka nje, tukafuta jina la 10, tukaketi kwenye ngazi. Orodha ilikuwa imekwisha. Tulingoja furaha ije, haikuja. Miguu ilikuwa inawaka moto, kisigino cha kushoto kilikuwa na lengelenge lililopasuka, na moyo ulikuwa mkavu kama kisima cha kiangazi. Tukatia mkono katika mfuko wa ndani tukitafuta leso. Mkono ukagusa bahasha.

Ilikuwa imelowa jasho na kukunjika pembe. Gundi ya katekista ilikuwa haijafunguliwa.

Wapendwa, aibu tuliyoipata pale hatuwezi kuieleza vizuri. Tuliwabeba ninyi kutwa nzima juu ya kifua, tukawapitisha katika Mlango Mtakatifu, tukawasimamisha mbele ya Petro, na hatukumtaja hata mmoja. Tulifika kila mahali tulipopaandika, na hakuna hata pamoja tulipokuwapo.

Tukiwa tunachechemea kurudi, tuliona mlango wa kanisa dogo uko wazi. Halikuwamo katika orodha, na jina lake hatukulisoma. Ndani mlikuwa na wanawake wazee watano au sita wakisali Rozari kwa Kiitaliano. Tuliketi benchi la nyuma. Maneno hatukuyafuata yote, lakini mdundo tuliutambua, ni ule ule wa mwezi wa Oktoba katika Jumuiya zenu, na kila walipofika nusu ya pili ya Salamu Maria tuliwaitikia kwa Kiswahili. Tukafungua bahasha. Tukaanza: mtoto anayesumbuliwa na selimundu, baba anayetafuta kazi, ndoa moja, mtihani wa darasa la saba, na kikaratasi kilichoandikwa kwa mwandiko wa mtoto kwa niaba ya bibi yake, akimwombea kijana wake aliyekwenda mjini miaka tisa iliyopita na hajatuma hata salamu.

Lakini hicho cha bibi hatukukifikia jioni ile. Tulipomaliza nia ya 16 usingizi ulitushinda, kama ulivyowashinda mitume pale Gethsemane. Tuliamshwa na mmoja wa wale wazee, ameshika funguo, anataka kufunga. Alituonyesha miguu yetu, akatikisa kichwa kwa huruma. Nia saba zilizobaki tulizisoma kesho yake, kabla ya Misa ya alfajiri, katika kikanisa cha nyumba tulikofikia.

Tuliporudi, mlituuliza kama tuliwaombea, nasi tukajibu ndiyo. Yule bibi alitaka kujua zaidi. Aliuliza: "Baba Paroko, pale kwa Petro ulimwambia nini juu ya kijana wangu?" Tulimjibu, "Nilimtaja, Mama," tukageuza mazungumzo. Jibu hilo halikuwa uongo mtupu, na hiyo ndiyo hatari yake. Lilikaa ndani yetu kama mwiba wa samaki kooni.

Juma lililopita tulikwenda nyumbani kwake, tukamweleza yote. Alisikiliza huku akichambua mchele, kisha akasema: "Baba, hata mimi kila Dominika niko kanisani, lakini sufuria yangu iko jikoni. Mungu anatuchukua hivyo hivyo. Ila siku nyingine ungemtaja kwanza, ndipo upige picha." Kisha akatukaribisha chai. Kijana wake bado hajarudi.

Ndugu zangu, Bwana hakumkataza Martha kupika, wala hatudhani alitukataza kuona kazi nzuri za mikono ya watu wa kale. Alimhurumia kwa kuwa mengi yalimvuta huku na huku hata akamsahau mgeni aliye sebuleni. Wengi wenu hamtafika Roma, na hampungukiwi kitu kwa hilo. Lakini kila mmoja wetu ana bahasha yake mfukoni: mzazi mgonjwa anayesubiri kutembelewa, mke au mume anayetaka kusikilizwa, mtoto aliyeahidiwa. Nasi tuna orodha ndefu zinazotutuma kila mahali, na simu zinazotuonyesha kila kitu isipokuwa yule aliye mbele yetu. Kabla jua la juma hili halijazama, kila mmoja aifungue bahasha yake, asome angalau jina moja, na akae nalo bila kutazama saa.

Nasi tunawaomba msamaha kwa ahadi tuliyoitimiza kwa kuchelewa. Vile vikaratasi 23 tunavyo bado. Tumeviweka katika kitabu chetu cha Masifu ya Kanisa, na kila asubuhi tunasoma kimoja. Cha bibi tumekiweka mbele.

Tunawatakieni Dominika njema. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.