Kikundi Bila Shemeji

Chuki za kikabila mitandaoni zikitajwa nchini Kenya, lawama huelekezwa haraka kwa wasiojulikana: mtu aliyejificha nyuma ya jina bandia, akitukana jamii asizozijua. Ninaowahofia zaidi mimi ni watu wenye majina kamili, picha za harusi na adabu zao. Wengine ni wajomba zangu.

Kikundi chetu cha WhatsApp cha ukoo kilianzishwa kwa sababu ya matanga. Kilikuwa na orodha ya michango, nambari ya M-Pesa ya mweka hazina na sala za alfajiri. Mazishi yakapita, kikundi kikabaki. Kampeni za 2022 zilipopamba moto, kati ya sala na salamu za pole zikaanza kuingia sauti zilizorekodiwa na mtu asiyejitaja, zenye ile mishale miwili ya ujumbe uliopitia mikono mingi: jamii fulani imeapa kutunyang'anya hiki, imepanga kutufanyia kile. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilikuwa imetoa orodha ya maneno ya chuki mwaka huohuo, lakini wajomba hawakuhitaji hata moja. "Tuwe macho," waliandika, wakaongeza vikatuni vya mikono inayosali.

Kisha kaka yangu akaoa kutoka jamii nyingine, shemeji akaingizwa kikundini. Sauti zile zikakoma. Tulipumua kwa muda, mpaka nikajikuta nimeingizwa kwenye kikundi cha pili chenye picha ileile ya babu na watu walewale, ila yeye.

Kwa hiyo maoni hayakuwa yamebadilika. Walikuwa wanamwonea haya tu. Hata hivyo, haya hiyo naithamini kuliko semina nyingi za amani nilizowahi kukalia, chai na mandazi zikiwemo, maana ilifunga midomo ambayo hakuna sheria iliyoifikia.

Kabla ya uchaguzi wa 2013, mradi wa Umati wa iHub, Nairobi, ulifuatilia matamshi ya chuki mtandaoni na kuyakuta kwa wingi zaidi Facebook kuliko Twitter. Watafiti waliona kwamba kule Twitter anayeropoka hukaripiwa hadharani na watu asiowajua, wengine wakalazimika kufuta maneno yao. Ni uwanja wa kelele na dharau, nakubali, lakini kila jamii ina masikio pale. Wakati wa uchaguzi wa 2007 hatukuwa na WhatsApp. Palikuwa na SMS na baadhi ya redio za lugha za mama, zote zikalaumiwa kwa uchochezi, na kufikia mapema 2008 watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa na zaidi ya laki sita wamefurushwa makwao. Vyombo vile vilimruhusu mtu kumsema jirani akiwa na hakika kuwa jirani hasikii.

Lugha ya mama yenyewe siilaumu. Juni 2024, vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha waliufafanua kwa lugha mbalimbali za makabila yetu ili hata nyanya kijijini aelewe kodi inamgusa wapi. Usiku walikutana kwenye mijadala ya sauti ya X, Twitter ya zamani, maelfu kwa mara moja, lafudhi za Kisumu, Nyeri na Mombasa zikipokezana, wakisema hawana kabila, kiongozi wala chama. Tarehe 25 waliingia bungeni, na damu ikamwagika. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo.

Oktoba mwaka huohuo naibu wake, Rigathi Gachagua, akaondolewa madarakani, na kikundi chetu cha pili kikachangamka: watu wetu wameonewa, wale wamefurahi. Binamu zangu walioandamana Juni wamo humo. Walisoma, wakanyamaza. Mtu aliyemkabili polisi kwa kauli ya kutokuwa na kabila anashindwa kumjibu mjomba aliyemlipia karo, na sidhani ni woga, ni malezi. Uzalendo wa X haukuwahi kumdai amkosee mtu heshima nyumbani.

Wakubwa wanapozungumzia kudhibiti mitandao kuelekea uchaguzi wa 2027, jicho lao huwa kwenye uwanja ule wa wazi, ambako vijana waliwakosoa kwa majina. Kikundi cha pili hakimnyimi usingizi waziri yeyote.